Tembo Mweupe wa Kongwa: Wanyama wa Semi za Kiingereza katika Maandishi Yetu

Utangulizi

Makusudi ya makala haya ni kuchunguza semi za Kiingereza zinazotumia majina ya wanyama, na jinsi zinavyoingizwa katika Kiswahili cha ofisini, cha gazetini na cha mikutano ya hadhara. Jambo lenyewe laweza kuonekana dogo. Mfasiri aliyekabidhiwa taarifa ya kurasa mia moja, akatakiwa airudishe kesho yake asubuhi, hawezi kulaumiwa kwa kutokesha usiku kucha akimfikiria tembo mmoja aliyejificha katika ukurasa wa arobaini. Lakini sisi tunaoshughulika na istilahi tunaona kwamba tembo huyo mmoja aweza kuipotosha taarifa nzima, kwa sababu amewekwa mahali pale pale ambapo mwandishi wa Kiingereza alikuwa akitoa hukumu yake. Watu hutumia tamathali wanapotaka kueleza jinsi wanavyolionea jambo. Mfasiri akiteleza hapo, tarakimu zote zitakuwa sahihi na maana itakuwa imepotea.

Tumechagua kulijadili jambo hili kwa kuitazama Dodoma na uwanda wa kati wa nchi yetu. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, katika kuutekeleza uamuzi uliofanywa mwaka 1973, maandishi mengi ya Serikali huandikwa na kutafsiriwa hapa. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kazi ya kutafsiri imezidi kuwa nzito. Sababu ya pili ni kwamba watu wa uwanda huu, Wagogo, Warangi, Wasandawe na wengineo, ni wakulima na wafugaji wanaoishi karibu na wanyama. Kwao simba na fisi si picha za kitabuni. Ukilitaja jina la mnyama mbele yao unamtaja jirani, na pengine unamtaja adui. Basi maneno yanayotungwa katika Mji wa Serikali wa Mtumba hayana safari ndefu kabla ya kufika kwa mtu anayeweza kuyapima.

Hoja yetu yaweza kuelezwa kwa sentensi moja. Katika usemi, kinachostahili kutafsiriwa ni kazi anayoifanya mnyama, wala si mnyama mwenyewe.

Tembo mweupe

Katika Kiingereza, kitu kilichogharimu fedha nyingi, kisicho na manufaa, na ambacho mwenyewe hawezi kukitunza wala kukitupa, huitwa tembo mweupe. Husimuliwa kwamba asili ya usemi huo ni nchi ya Siam, ambayo siku hizi huitwa Thailand. Tembo weupe walihesabiwa kuwa watakatifu. Hawakufanyishwa kazi wala hawakuuawa. Mfalme alipotaka kumfilisi mtu wa baraza lake alimpa tembo wa namna hiyo kuwa zawadi. Mtu yule hakuthubutu kuikataa zawadi ya mfalme, na gharama za kumlisha mnyama zikamtia katika ufukara.

Katika Tanzania hapana mahali panapolingana na kisa hicho kuliko Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapo mradi wa karanga, ikitazamia kulima ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa katika Tanganyika, ili kupata mafuta ya kula yaliyokuwa adimu kwao baada ya Vita Kuu ya Pili. Sehemu nyingine za mradi zilikuwa Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, na baadhi yake yalikuwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Lakini udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, nao ukikauka huwa mgumu kama sakafu. Na mvua ya uwanda huu ni haba, kwani mjini Dodoma wastani wake ni karibu milimita 570 kwa mwaka. Januari 1951 serikali ile ilitangaza kuuacha mpango wake mkuu, na pauni milioni 36 hivi za walipa kodi wa Uingereza zikafutwa vitabuni. Sehemu ya ardhi ile baadaye ikawa ranchi ya ng'ombe. Waandishi wa Kiingereza wamekuwa wakiuita mradi huo tembo mweupe, na wasomaji wao huelewa mara moja kwamba unalaumiwa.

Sasa tuichukue sentensi "Mradi wa karanga ulikuwa tembo mweupe", tuipeleke mbele ya mkutano wa kijiji katika wilaya ya Kongwa kwenyewe. Msikilizaji ataelewa nini?

Kwanza, tembo katika Kiswahili ni ukubwa na nguvu. Methali yetu husema kwamba tembo hashindwi na mkonga wake. Nyingine husema kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Tembo wa methali hizi aweza kutisha na aweza kuumiza, lakini hawi mzigo unaomfilisi mwenyewe. Pili, weupe kwetu ni dalili ya heri na usafi. Twasema mtu ana moyo mweupe tukimsifu. Ukiyaunganisha mawili hayo utapata sifa tupu, yaani mradi mkubwa, wa heri, wa ajabu. Hukumu imegeuka kuwa pongezi. Tatu, kwa msikilizaji wa mwambao, ambako mnyama huyu huitwa pia ndovu, neno hili laweza kumpeleka kwenye tembo la mnazi, ambalo kwa kweli ni jeupe, na ambalo limewafilisi watu wengi kuliko mfalme wa Siam. Nne, katika vijiji vya Kondoa vilivyo jirani na Pori la Akiba la Mkungunero, tembo ni mnyama anayeingia shambani usiku. Ukimtaja hapo, habari ya mradi itaachwa na watu wataanza kuulizia fidia ya mazao yao.

Mfasiri angefanyaje? Kiswahili hakikosi maneno. Mradi ule ulikula fedha bila faida. Ulikuwa hasara tupu. Ulikuwa mzigo kwa waliouanzisha na kwa waliorithishwa. Lolote kati ya haya lingetosha, na lingebeba lawama aliyoikusudia mwandishi. Na kama ni lazima awepo tembo, Dodoma ina wake. Wenyeji husimulia kwamba jina la mji huu limetokana na neno la Kigogo "idodomya", lenye maana ya kudidimia, kwa ajili ya tembo aliyekwenda kunywa maji, akanasa katika tope, akazama. Tembo huyo hakuwa mweupe wala hakutolewa zawadi na mfalme. Lakini taswira yake, ya kitu kikubwa kilichomezwa na ardhi kisichoijua, inaueleza mradi wa karanga vizuri zaidi kuliko tembo wa Siam. Mwandishi atakayesema kwamba mradi ule ulididimia Kongwa kama tembo wa Dodoma ataeleweka na mwanafunzi wa shule ya msingi.

Simba, mbuzi na nguruwe

Mfano wa pili ni fungu la simba. Usemi huu umetokana na hekaya ya Aesop, ambamo simba aliwinda pamoja na wanyama wengine kisha akayatwaa mawindo yote. Katika Kiingereza cha leo ukali wa hekaya umekwisha, na usemi wataja tu sehemu iliyo kubwa kuliko nyingine. Mfasiri akiandika kwamba katika bajeti sekta ya barabara "imepata fungu la simba", hutumaini kwamba ametaja ukubwa wa kiasi. Mfugaji wa Chamwino aliyekesha akililinda zizi lake analijua fungu la simba: ni ng'ombe wake mwenyewe, aliyechukuliwa bila ya kuombwa. Kwake sentensi hiyo yasema kwamba sekta ya barabara imenyang'anya. Maneno "fungu kubwa" au "fungu nono" yangempa habari ile ile bila kumtia shaka kwamba wizara moja imeipora nyingine.

Mfano wa tatu ni mbuzi wa kafara. Usemi huu umeingia Kiswahili zamani kwa njia ya Biblia, nao una mizizi, kwa kuwa neno kafara na desturi ya kutoa kafara vilikuwapo kwetu. Hatuna nia ya kuufukuza. Twataka tu mfasiri atambue tofauti. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 16, wametajwa mbuzi wawili: mmoja alichinjwa, na wa pili aliachiliwa jangwani akiwa amebebeshwa dhambi za watu. Usemi wa Kiingereza umetokana na huyu wa pili, aliyebebeshwa makosa ya wengine. Kafara yetu iko karibu zaidi na yule wa kwanza, kwani hutolewa ili kuondoa nuksi au kutuliza hasira. Basi taarifa ya uchunguzi ikisema kwamba mhasibu fulani "alifanywa mbuzi wa kafara", msomaji ataelewa kwamba mtu ametolewa ili mambo yatulie. Hataelewa kwa lazima kwamba wako wengine waliofanya kosa lenyewe na wangali kazini.

Maana hiyo ya pili, ambayo ndiyo yenye uzito katika taarifa ya uchunguzi, ina usemi wake katika Kiswahili cha Tanzania, usiotaja mnyama yeyote: mhasibu yule ameangushiwa jumba bovu. Jumba lilikuwa bovu tangu zamani. Walioliachia likaharibika ni wengine. Aliyeangukiwa ni yule aliyekutwa ndani. Katika nchi ya Wagogo, ambako nyumba za tembe huezekwa kwa udongo na hulemewa mvua zikizidi, hakuna haja ya kuufafanua usemi huu. Hapa mtumishi wa umma ana haki inayotegemea chaguo la mfasiri. Tafsiri moja huifunga kesi. Nyingine huwaelekeza wasomaji wawatafute waliolibomoa jumba.

Mfano wa nne ndio mbaya zaidi. Kiingereza humwita mtu anayefanyiwa majaribio kwa jina la mnyama mdogo mgugunaji, mwenye asili ya Amerika ya Kusini, aliyetumiwa sana katika maabara. Jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, humfanya "nguruwe wa Guinea", ingawa si nguruwe wala hakutoka Guinea. Hebu tuchukulie kwamba fomu ya ridhaa ya utafiti wa dawa inawaahidi wananchi kwamba "hawatafanywa nguruwe wa majaribio", na kwamba fomu hiyo inasomwa Kondoa, ambako Waislamu ni wengi. Ahadi iliyokusudiwa kumtuliza mtu imemtusi kabla hajatia sahihi. Tena haikumweleza anachopaswa kukijua, yaani kwamba hatafanyiwa jaribio lolote bila ya yeye mwenyewe kukubali, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote. Kumwondoa nguruwe hakutoshi. Yapasa kuiandika haki yenyewe kwa maneno yake.

Twaweza kuongeza semi za biashara. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa mwaka 1998, na tangu wakati huo wafasiri wamehitaji maneno ya kueleza bei zinazopanda na bei zinazoshuka. Kiingereza hutumia fahali kwa zinazopanda na dubu kwa zinazoshuka. Dubu haishi katika pori lolote la Tanzania. Fahali yupo, lakini methali yetu humjua kwa jambo jingine: mafahali wawili hawakai zizi moja. Atakayesoma habari za "soko la fahali" atatazamia ugomvi wa wenye hisa. Kusema "soko linapanda" na "soko linashuka" ni kwepesi, na hakumdai msomaji chochote asichokuwa nacho.

Wanyama waliopokewa

Haifai mtu afikiri kwamba twataka kila usemi wenye mnyama kutoka ng'ambo urudishwe ulikotoka. Wako wanyama waliokuja wakapokewa, na yafaa tuulize kwa nini.

Machozi ya mamba ni usemi wa kale wa Ulaya, uliotokana na imani kwamba mamba hulia anapomla aliyemkamata. Kwetu umepokewa kwa sababu mamba tunaye, ukatili wake twaujua, na unafiki wa mla watu anayelia hauhitaji maelezo. Kuua ndege wawili kwa jiwe moja nako kumepokewa, kwa kuwa kila mtoto aliyechunga mbuzi au kulinda shamba la mtama amewahi kurusha jiwe na kumkosa hata ndege mmoja. Ugumu wa kuwaua wawili anaufahamu mkononi mwake. Chui wa karatasi amekuja kutoka upande mwingine wa dunia. Mao Zedong alimtaja mwaka 1946 katika mahojiano na mwandishi Mmarekani, Anna Louise Strong, na mnyama wa Kichina hasa ni yule mwenye milia, ambaye hapatikani Afrika. Waliomleta katika Kiswahili walimwacha yule wakamweka chui wetu wa madoa. Walihifadhi kazi, wakambadilisha mfanyakazi.

Mfano bora wa mabadilishano hayo ni mbuzi wa kwenye gunia. Mtu aliyenunua kitu bila kukikagua, Waingereza husema kwamba amenunua nguruwe ndani ya mfuko, na Wafaransa humtaja paka. Mtanzania husema ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Hatubishani hapa kama usemi wetu umezaliwa nyumbani au umekuja ukavikwa nguo za nyumbani. Lililo muhimu ni kwamba mbuzi ndiye mnyama anayeuzwa na kununuliwa hapa. Mtu anayekwenda mnada wa Msalato humpapasa mbuzi mgongo, humtazama meno, ndipo atoe fedha. Kuuziwa mbuzi ambaye hukumpapasa ni upumbavu ambao kila mtu mnadani ataucheka. Taarifa ya ukaguzi ikisema kwamba halmashauri iliuziwa mbuzi kwenye gunia iliponunua mitambo isiyofanya kazi, diwani na mpiga kura wake wataielewa kwa kiasi kimoja.

Wanyama wa kwetu, na ushahidi wa sarufi

Wako pia wanyama ambao Kiswahili kimewaajiri chenyewe, bila kuuliza Kiingereza kinasemaje. Gari la vita lenye mizinga na minyororo halina mnyama katika jina lake la Kiingereza. Sisi tuliliita kifaru, na kila aliyewahi kusikia habari za kifaru aliyekasirika aliona kwamba jina limelingana. Chombo cha angani tulikiita ndege. Kipokeo cha simu tulikiita mkonga. Katika siasa, miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonyaji aliitwa kupe, na mfugaji hakuhitaji semina ili aelewe. Siku hizi wanaotafuna fedha za halmashauri huitwa mchwa; mtu ambaye nguzo za nyumba yake zimeliwa ndani kwa ndani, huku nje zikionekana nzima, anaijua tabia ya wizi wa namna hiyo. Njia zinazotumiwa kupitisha bidhaa mpakani bila kulipa ushuru huitwa njia za panya, na jina hilo limekubalika hata katika matangazo ya Serikali. Na anayejibandika kwa mkubwa akiishi kwa kumsifu ameitwa chawa, hata pakazaliwa neno uchawa.

Katika hao, wale waliokuwa majina ya vyombo wanatupa kipimo ambacho tafsiri nyingine hazina. Kiswahili humpa mnyama upatanisho wa viumbe wenye uhai: ndege ametua juu ya mbuyu, kifaru amejeruhiwa. Jina hilo likiwa la chombo, upatanisho hugeuka: ndege imetua uwanjani, kifaru kimeharibika. Kifaa cha kuelekezea kompyuta, ambacho wengi hukiita kipanya, kimefuata njia hiyo hiyo. Kipanya amenaswa mtegoni, lakini kipanya kimeharibika mezani. Wasemaji hawakufundishwa jambo hili na Baraza lolote. Sarufi yenyewe imeshuhudia kwamba mnyama ametoka na istilahi imezaliwa. Kwa watu, ambao nao wana uhai, dalili huwa nyingine, kwa mfano pale wala rushwa wakubwa wanapoitwa mapapa, ilhali samaki wenyewe baharini ni papa, wawe mmoja au mia.

Tumpime sasa tembo mweupe kwa kipimo hicho. Mwandishi wa taarifa anayetaka kuendelea na sentensi yake ataandika "tembo mweupe huyo amegharimu mamilioni", au ataandika "tembo mweupe huo umegharimu mamilioni"? Akichagua la kwanza atakuwa ameleta mnyama ofisini. Akichagua la pili ameivunja sarufi. Usemi ambao haujajua ukae katika ngeli gani haujakaa katika lugha.

Tukiri kwamba katika baadhi ya istilahi mnyama hana madhara hata akibaki. Kipimo cha nguvu za injini kiitwacho nguvu za farasi kilitokana na hesabu ya James Watt aliyelinganisha mashine za mvuke na farasi. Kipimo kimoja ni sawa na wati 746. Farasi hawakuenea katika bara letu la ndani, kwa sababu ya maradhi yaletwayo na ndorobo na mengineyo. Hata hivyo mvuvi wa bwawa la Mtera anunuapo injini ya mashua haulizi farasi anafananaje. Husoma tarakimu, na wengi husema "hospawa" tu wakaelewana na muuza duka. Katika kipimo, tarakimu ndiyo inayobeba maana. Katika usemi hakuna tarakimu, na mnyama ndiye anayebeba kila kitu.

Pingamizi mbili

Wako watakaosema kwamba Kiswahili kimekua kwa kukopa, na kwamba tukiwazuia wanyama hawa leo tutakuwa tumeidumaza lugha. Kukopa hatukukatai. Meza ilikuja na jina lake, shule ilikuja na jina lake, na mtu aliweza kukigusa kitu akajifunza neno. Usemi hauji na kitu. Huja na kumbukumbu ya jamii nyingine, na kumbukumbu haisafirishwi kwa kutafsiri maneno matatu. Watoto waliosimuliwa kwamba bundi ni ndege wa hekima, kwa sababu Wayunani wa kale walimhusisha na mungu wao Athena, humchora katika nembo za shule. Mzazi wa uwanda huu akiiona nembo ya namna hiyo juu ya lango la shule atajiuliza nani ametabiriwa kufa.

Wengine watasema kwamba mfasiri wa Serikali ana wajibu wa uaminifu, na kwamba kumwondoa mnyama ni kuyachezea maandishi ya watu. Twaiheshimu hoja hii, hasa kwa kazi za fasihi, ambamo taswira ni sehemu ya sanaa na mfasiri ana nafasi ya kuieleza. Lakini hata katika fasihi, Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, kitabu kilichotoka mwaka 1969, aliiita "Mabepari wa Venisi". Hakulifasiri neno la mfanyabiashara. Alifasiri kazi ambayo, kwa maoni yake, mtu huyo alikuwa akiifanya katika jamii yake. Twaweza kubishana naye juu ya uchaguzi huo, lakini hatuwezi kusema kwamba hakulifikiria jambo. Katika taarifa ya bajeti, fomu ya ridhaa au barua ya nidhamu, uaminifu ni kwa yule atakayeguswa na maneno hayo. Fedha ni zake, mwili ni wake, kazi ni yake.

Mapendekezo

Kwa hiyo twapendekeza kwamba mfasiri akikutana na mnyama katika usemi wa Kiingereza, ajiulize maswali matatu. La kwanza: je, mnyama huyu anajulikana na watu watakaosikia maneno haya? Dubu ataanguka hapa. La pili: je, tabia aliyopewa katika Kiingereza ndiyo tabia aliyonayo kwetu? Hapa ndipo watakapoanguka bundi, simba wa mafungu, na mbweha wa ujanja, ambaye kazi yake katika ngano zetu hufanywa na sungura. La tatu: je, sentensi inaweza kuendelea kwa upatanisho wa kawaida bila kuyumba? Tembo mweupe, akiwa ameponea swali la kwanza, ataanguka la pili na la tatu.

Mnyama aliyefaulu yote matatu na abaki. Aliyeshindwa, mfasiri atafute kwanza kama kazi yake inafanywa na mnyama wa kwetu, kama vile mbuzi alivyoshika nafasi ya nguruwe katika gunia, au sungura nafasi ya mbweha. Akikosa, atafute usemi usio na mnyama, kama jumba bovu. Akikosa hata huo, aseme jambo kwa maneno ya wazi. Maneno ya wazi hayamwaibishi mfasiri. Tena kabla ya kuitoa taarifa inayowahusu wananchi, sehemu zenye tamathali zisomwe kwa sauti mbele ya mtu mmoja ambaye hakuisoma ile ya Kiingereza. Karani, dereva au mlinzi wa zamu aweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika tano, na aulizwe ameelewa nini.

Liko jambo moja ambalo hatuwezi kulifanya tukiwa ofisini. Semi za wanyama zinazotumiwa na wasemaji wa Kiswahili wa Bahi, Mpwapwa, Chemba, Manyoni na kwingineko hazijakusanywa zikatosha, na nyingi zina asili ya lugha za wenyeji ambazo zingeweza kukitajirisha Kiswahili kama "idodomya" inavyoweza. Twawaomba walimu, maofisa watendaji wa kata na wafasiri watuandikie semi wanazozisikia mikutanoni na minadani, wakieleza kila moja ilisemwa juu ya jambo gani na waliosikia walilipokeaje. Usemi uletwe pamoja na mahali ulipotoka, hata kama mnyama wake ni mdudu mdogo asiye na jina katika kamusi.